Maji ya Baba Mkwe na Mpunga wa Skola

Siku mliyoniaga, bwana shamba wenu kijana alisimama akasema shamba letu linajulikana Mbeya nzima kwa "kupanda kwa Skola", mche mmoja mmoja na maji kidogo. Mkapiga makofi. Nikamwuliza binti aliyekaa kando yangu, huyo Skola ni nani? Akasema, "Bibi, nadhani ni kijiji cha huko Iringa." Nilimaliza ubwabwa wangu nikaondoka.

Sasa nimekaa hapa Ilomba kwa mwanangu. Sina jaruba la mpunga wala jembe, nina daftari la mjukuu. Nimesoma madarasa mawili tu, kwa hiyo msitafute nukta. Nawaandikia ninyi mliobaki na miguu kwenye matope, mjue kwamba Skola alikuwa mtu, na mjue kwamba nilimwonea wivu. Nalisema mwanzoni ili asije mwingine akalisema kwa niaba yangu. Nilimwonea wivu nikiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, na leo wivu huo bado upo, umeng'oka meno tu.

Nilifika Usangu mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nimeolewa juzi. Kwetu ni Kyela, chini karibu na ziwa, ambako maji humfuata mtu mpaka mlangoni. Sisi mpunga tuliumwaga tu, mvua ikafanya yaliyobaki. Mume wangu alisikia kwamba tambarare ya Usangu kuna shamba la majaribio, wamechimba mfereji kutoka mtoni, wanataka watu. Tukaenda watatu: mume wangu, mimi, na baba yake, ambaye alikuwa mgane na hakuwa na mwingine wa kumpikia.

Hapa nieleze jambo, maana wengine wenu mnatoka Iringa na Njombe, na vijana wa Kinyakyusa wa siku hizi mnakaa na wakwe zenu sebuleni mnasikiliza redio pamoja. Wakati ule kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe. Hasemi naye, hatamki jina lake, hapiti njia anayopita. Akimwona anakuja, anaingia majanini anageuza mgongo mpaka apite. Hata leo jina lake siliandiki, mtanisamehe. Ukristo tulikuwa nao, kwaya tuliimba, lakini hilo la mkwe lilikaa palepale. Chakula chake niliweka juu ya jiwe kando ya njia, nikakohoa, nikaondoka. Akaja, akala, akaacha sahani imepinduliwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Siku ya kwanza kazini nilitoka na ruba watatu kwenye mguu mmoja. Msimamizi wetu, Bwana Yeremia, bwana shamba msaidizi, alikuwa mtu wa kaptula ya kaki na sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Aliniangalia ninavyowabandua akasema, "Mama, hao ni wafanyakazi wenzako, wazoee." Basi nikawazoea. Mume wangu alipewa ng'ombe wa kulimia. Baba mkwe, kwa kuwa mgongo wake haukuweza jembe, alipewa banio, pale maji yanapotoka mtoni kuingia mfereji. Kazi yake ilikuwa kufungua, kufunga, na kutembea kando ya mfereji kila asubuhi kuangalia nani amepata maji na nani hajapata. Kwa hiyo mtu niliyemhitaji kuliko wote pale shambani ndiye mtu nisiyeweza kumwambia neno.

Wanawake tulipanda kama tulivyofundishwa. Miche tuliiacha kitaluni mpaka ikawa mirefu kama mkono, tukaing'oa, tukapandikiza kwa mafungu, mitano sita pamoja, kwenye maji ya nusu goti. Mbolea ya dukani, ile tuliyoiita chumvichumvi, tulimwaga makopo mawili kwa kila jaruba, na mwenye mkono mzito alimwaga matatu. Mpunga ukawa wa kijani kibichi mpaka unaumiza macho. Mimi nilikuwa na mikono myepesi. Nilikuwa naanza mstari na wenzangu, namaliza peke yangu, nakaa kwenye tuta nawasubiri. Mnaweza kuwauliza waliokuwepo, ila wamekufa.

Baada ya misimu michache Bwana Yeremia alizigawia familia za wafanyakazi majaruba ya kulima wenyewe. Letu lilikuwa mkiani, mwisho kabisa wa mfereji, ambako maji yalifika kwa uvumi. Sharti lilikuwa moja: jaruba ambalo halijapandwa mpaka mwezi wa pili unakwisha, linapewa mtu mwingine. Mwaka wa kwanza maji hayakufika, hatukupanda, tukasamehewa. Mwaka uliofuata alisema wazi mbele ya watu kwamba msamaha umekwisha. Mume wangu alikuwa ameondoka kwenda kuchuma chai Mufindi, upande wa Igowole, hawezi kurudi kabla ya mavuno. Kyela watu wa ukoo wake walishagawana kila kipande cha ardhi. Aliniachia maneno machache: "Subilaga, nikirudi nikute tuna mahali." Hakusema ataniuliza. Alisema nikute.

Mwaka huohuo ndipo alipokuja Skola.

Jina lake Skolastika, Mhehe wa Pawaga, kule Iringa ya chini ambako jua halina huruma na maji ya mto hugawanywa kama dawa. Masista wa karibu na Tosamaganga walimlea. Alikuwa mjane tayari, umri wake kama wangu, na sauti inayovuka majaruba kumi. Aliingia shambani akipiga salamu ya kwao, "Kamwene!", kwa kila mtu, hata kwa wasiojua kuitikia. Mkononi alikuwa na kamba yenye vifundo, kutoka kifundo hadi kifundo unyayo mmoja wa mtu mzima. Akaitandaza kwenye matope, akaanza kupanda mche mmoja kwa kila kifundo. Na miche yenyewe! Ya majani mawili, mtoto wa siku kumi, ungedhani nyasi zilizokosea njia.

Nikamwambia kwa sauti wenzangu wasikie, "We dada wa Iringa, unapanda mpunga au unapanda migomba?"

Wakacheka. Skola hakuinua hata kichwa.

"Napanda mpunga, mama. Na wewe hayo mafungu ni ya nini, unatengeneza fagio?"

Wakacheka zaidi. Tangu siku hiyo sikumpenda.

Ila hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja mchana, alipochukua mahindi yake ya kuchoma akatembea moja kwa moja mpaka banio, akaketi kando ya baba mkwe. Yeye ni Mhehe, mwiko wetu haumhusu. Alimwita Tata, neno letu sisi la baba, amelijua kwa juma moja. Na mzee, ambaye wanaume wenyewe walimwogopa kwa ukali wake, alicheka. Nilikuwa majanini na sahani yake mkononi nikingojea Skola aondoke, naye hakuondoka. Nilikuwa nimempikia mzee huyo miaka mitatu, na sikuwa najua kwamba anacheka hivyo, kama mtu anayekohoa kwa furaha. Nikaiweka sahani kwenye jiwe, nikasahau kukohoa.

Bwana Yeremia aliipenda ile kamba. Akatupa majaruba mawili jirani ya majaribio, langu juu, la Skola chini yake, tuta moja katikati. Akasema tupande kila mtu kwa njia yake, na njia itakayoshinda ndiyo shamba lote litapanda mwaka unaofuata. Mimi nikasema moyoni, vizuri, sasa utamwona mtu wa Kyela.

Niwaambie alivyofanya, maana ndicho mnachofanya ninyi, na wengine wenu mnafanya vibaya. Maji aliyaweka kama ya kulowesha nguo, si ya kuogelea. Halafu aliyaacha yakauke mpaka udongo upasuke, ufa wa kuingia ncha ya kidole. Ufa ukiwa wa kuingia kidole kizima, umechelewa. Hapo ndipo alipomwendea mzee kumwomba maji. Magugu yalimwotea kuliko mimi, maana maji mengi huyazuia na yeye alikuwa na machache, kwa hiyo alipalilia mara tatu, mimi mara moja, na sikuacha kumwonyesha kwamba nimekaa. Chumvichumvi aliweka kopo moja tu, na hilo moja aligawa mara mbili, nusu baada ya palizi ya kwanza, nusu baadaye, na kila mara kwenye tope bila maji, halafu ndiyo anaomba maji kidogo ya kuishusha. Mpunga unapoanza kubeba mimba ndipo aliuachia maji yakae. Vijana, hapo kwenye mimba msifanye ubahili. Yeye mwenyewe hakufanya.

Jaruba langu lilijaa. Kila asubuhi nikifika nakuta maji yameshaingia, kabla ya mtu yeyote, mpaka ukingoni. Ilikuwa ni baba mkwe. Sikuwahi kuomba, ningeomba kwa mdomo gani, lakini kila asubuhi alianzia kwangu. Nilitembea kwenye tuta langu kama mke wa chifu. Skola anakwenda kuomba, mimi naletewa.

Baada ya Krismasi mvua ikakatika. Na siku moja mchana, watu wanakula, nikaingia kwenye jaruba la Skola kimyakimya nikahesabu. Shina moja, mche mmoja alioupanda, ulikuwa umezaa machipukizi zaidi ya thelathini. Nikahesabu jingine, vilevile. Nikarudi kwangu nikahesabu fungu langu la miche sita: machipukizi kumi na moja, na mizizi nilipochimbua ilikuwa myeusi, inanuka kama kisima kilichokufa. Ya Skola ilikuwa myeupe kama nywele za bibi.

Nilikaa kwenye tuta langu nikakosa hamu ya kula. Halafu nikafanya uamuzi ambao niliuonea aibu kuliko wizi. Niliamua kumwiga. Lakini mtu asijue. Nikachukua jembe, nikatoboa tuta langu upande wa chini, maji yatoke, jaruba likauke kama lake.

Kesho yake nikafika nimejaa furaha kwenda kutafuta ufa. Nikakuta jaruba limejaa mpaka ukingoni na tundu limezibwa vizuri kwa nyasi na tope. Baba mkwe alipita, akaona jaruba la mkwewe limekauka, akadhani kaa wametoboa. Akaziba, akanijazia.

Nikatoboa tena. Akaziba tena, safari hii na jiwe. Nikatoa jiwe. Akaweka jiwe kubwa zaidi na mti. Ilikuwa siku ya nne au ya tano tunashindana hivyo, mimi na yeye, bila kuonana, yeye akiamini ananisaidia. Na mimi mjinga, katikati ya mchezo huo, nilikuwa nimeshamwaga makopo matatu ya chumvichumvi. Yote ikatoka na maji, ikapita kwenye tundu, ikashuka kwa jirani wa chini.

Skola alikuja na miguu imejaa tope mpaka mapajani.

"Subilaga! Unanizamisha!"

"Nani? Mimi?"

"Jaruba langu ni bwawa! Nimelikausha juzi kwa kazi, leo naweza kuvua kambale! Na maji yako yananuka mbolea ya dukani!"

Wanawake wakaacha kazi. Bwana Yeremia akaja akauliza kuna nini. Nikasema kaa ametoboa tuta.

Skola akaliangalia lile tundu. "Kaa gani huyu mwenye jembe?"

Nilijua wote pale wameshaamua kwamba namharibia Skola kwa wivu, na niliwaacha waamini hivyo. Ninyi mtashangaa, lakini mbele ya watu wale ilikuwa nafuu niitwe mbaya kuliko niitwe mwanafunzi wa Skola. Bwana Yeremia alinikaripia mpaka masikio yakapata moto, akasema tundu jingine likionekana, naondoka shambani. Nikaitikia ndiyo bwana.

Juma lililofuata nilikwenda mkiani kuangalia jaruba letu. Mwezi wa pili ulikuwa umeshafika katikati. Udongo ulikuwa umepasuka vipande vya kukalia, na kwenye mfereji, pale ambapo maji yangekuwa yanapita, mjusi alikuwa anaota jua. Miche yetu kitaluni ilikuwa imeanza kuota mafundo kama vidole vya mzee. Nikaufuata ule mfereji kwenda juu, natafuta maji yameishia wapi. Mkavu, mkavu, mkavu, halafu unyevu, halafu nikayasikia. Yalikuwa yanaingia yote kwenye jaruba langu la majaribio. Mlango wa maji upo wazi, kama kila asubuhi. Yalikuwa yanafurika juu ya tuta, yanashuka kando ya jaruba la Skola, na kutoka hapo yanarudi mtoni. Mvua ilipokuwa nyingi haikuonekana. Sasa maji yalikuwa machache, na yote mzee alikuwa ananipa mimi mahali nisipoyataka, na jaruba letu la kula linakufa.

Mume wangu yuko Igowole. Nikimwambia Bwana Yeremia, atamfukuza mzee kwa kugawa maji kwa upendeleo. Wanawake wenzangu wa Kinyakyusa nikiwatuma, jioni itakuwa habari ya nyumba zote kwamba Subilaga amekataa zawadi ya baba mkwe wake, jambo ambalo kwetu mke hafanyi. Alibaki mtu mmoja mwenye mdomo wa kufika kule.

Nilimkuta Skola anapalilia. Niliingia kwenye jaruba lake bila kualikwa nikaanza kupalilia mstari ulio kando ya wake. Tukafika katikati, hajasema kitu, na kwa Skola hiyo ilikuwa ni adhabu kubwa.

Nikasema, "Nataka umwambie mzee asinipe maji."

Akasimama. "Asikupe?"

"Ayapeleke mkiani."

"Na jaruba lako la majaribio?"

"Likauke."

Akaniangalia. Akaliangalia tundu lililozibwa. Akaanza kutabasamu polepole, nikatamani ardhi iwe na ufa wa kunitosha mimi.

"Ulikuwa hunizamishi," akasema. "Ulikuwa unaniiga!"

"Palilia."

"Sema kwanza. Nikipeleka maneno yako, na mimi nipe langu. Sema: nilikuwa nakuiga, Skola."

Nilitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. "Nilikuwa nakuiga."

"Nani?"

"Skola."

Akapiga kigelegele, peke yake, katikati ya jaruba. Wanawake wa mbali wakageuka. Halafu akaosha mikono akasema twende.

"Twende wapi? Mimi siendi!"

"Utakaa majanini. Mimi sibebi maneno ya mtu halafu nikaulizwa la pili nikose jibu."

Hivyo ndivyo nilivyokaa nyuma ya matete pale banio, mgongo wangu umeelekea kwao, hatua nane au tisa, kitenge kichwani mpaka usoni. Skola akaketi mahali pake pa siku zote.

"Tata, mkweo anasema usimpe maji."

Nilisikia mto.

"Amekataa maji yangu?" Sauti yake haikuwa kali. Ningependa ingekuwa kali.

"Hajakataa. Anasema yapeleke mkiani, kwenye jaruba la nyumbani."

"Mwulize, nani alikuwa anamtobolea tuta?"

Skola akageuka kwenye matete akapaza sauti kana kwamba niko Iringa. "Anauliza nani alikuwa anakutobolea tuta!"

"Nimesikia," nikanong'ona. "Mwambie ni mimi."

"Anasema ni yeye!"

Kule kukohoa kwake kwa furaha kukaanza, kidogo kidogo, mpaka akajipiga goti kwa kiganja. "Na mimi nilikuwa natafuta kaa! Siku tano natafuta kaa na panga!"

Skola naye akaangua. Mimi nilibana mdomo na kitenge. Si heshima kucheka.

Alipotulia, mzee alisema, na hakuwa anamwambia Skola, ingawa maneno aliyaelekeza kwake: "Mwambie mimi sina kitu cha kumpa. Ananipikia tangu siku ile tumefika, sijui hata nimwambie nini. Nina maji tu. Kwa hiyo nilimpa maji."

Skola safari hii hakurudia. Alijua nimesikia. Nikanong'ona kwenye matete.

"Mwambie asante. Mwambie kule mkiani ndiko nitakakompikia."

"Anasema asante, na chakula kitatoka mkiani."

"Basi mwambie yanakwenda leo. Na mwambie," akasita, "mwambie kwenye mboga chumvi inazidi. Tangu mwaka juzi."

Skola alicheka mpaka nikamsikia akianguka chali. Mwaka juzi! Mtu amekula chumvi miaka miwili kwa kukosa wa kumtuma. Na siku hiyo, wenzangu, ndipo wivu uliponishika barabara, kuliko siku ya machipukizi. Yule mwanamke alikuwa anaweza kuinuka wakati wowote akamwuliza mzee kama chakula kina chumvi.

Maji yalishuka jioni hiyohiyo. Mzee alitembea mbele na jembe, anafunga milango ya watu mmoja mmoja, na ulimi wa maji unamfuata kwenye mfereji mkavu, umebeba majani na wadudu. Mimi nilifuata mbali nyuma, nikisimama anaposimama. Miche yetu ilikuwa imeshaharibika, ile yenye mafundo. Skola akanipa kapu moja la miche yake michanga aliyoiotesha kwa kujazia nafasi, akaniazima na kamba. Kapu moja likamaliza jaruba zima, mche kwa kifundo. Kwa njia yangu ya zamani lisingetosha pembe moja. Tulimaliza kupanda zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uishe, na Bwana Yeremia alipokuja kukagua alisema, "Mama Subilaga, hii kamba si ya mwenzako?" Nikasema ni kamba tu.

Mavuno yalipofika, mpunga wangu wa majaribio ulikuwa umelala wote kama umechapwa, majani mengi, punje nusu tupu. Wa Skola ulisimama, isipokuwa ule wa kando ya tuta langu, uliokunywa chumvichumvi yangu. Huo ulilala. Bwana Yeremia akawaita watu wote hapo akawaonyesha: mbolea ikizidi inafanya hivi, isipozidi inafanya vile, jaruba moja, mtu mmoja, mbegu moja. Likawa somo la miaka yote. Somo hilo nililitengeneza mimi, kwa jembe langu na makopo yangu matatu, na likaitwa la Skola. Mume wangu aliporudi akakuta tuna mahali, alimshukuru Skola kwanza. Nikamtilia chai bila sukari.

Mwaka uliofuata walimwita Skola arudi Pawaga kuwafundisha wanawake wa kwao. Kila mtu alisikitika. Mimi nilisema nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi, mpaka asubuhi ya kwanza nilipofika kwenye jaruba la mkiani nikaona ufa wa ncha ya kidole, nahitaji maji, na sina mdomo wa kunipelekea maneno. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya shamba na ng'ombe tangu alfajiri.

Nikakata fimbo. Nikaichomeka kwenye tuta, pale mlango wa maji unapoingia, imesimama wima. Nikaondoka. Kesho yake maji yalikuwa yamefika, ya kulowesha tu, na mlango umefungwa. Nikaing'oa fimbo nikailaza. Siku zote ilipolala hakuna tone lililoingia. Siku nilipoisimamisha, maji yalikuja. Hatukufundishana. Wengine wakaona, wakaanza kuchomeka zao, na Bwana Yeremia akaifanya kuwa amri ya shamba lote. Ile fimbo mnayosimamisha na kulaza mpaka leo, ambayo mnafikiri imetoka kwenye kitabu, ilitoka hapo, kwa watu wawili wasiosemeshana.

Tuliongea hivyo mimi na baba mkwe mpaka alipofariki, mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Skola alikuja kwenye msiba kutoka Iringa, akalia kwa sauti yake ile, akahadithia watu alivyokuwa anacheka, na alivyokuwa na mwanya, na kovu juu ya jicho. Nilikuwa nyuma na wanawake nikisikiliza. Mwanya sikuujua.

Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia Skola siku hiyo wala baadaye, na ninyi ndio wa kwanza kuambiwa. Kila mara mzee alipofungulia maji kwenye jaruba langu, alichuma jani moja la mpunga akalifunga kwenye ile fimbo, fundo moja, ili nikija nijue ni yeye amepita. Kwenye fimbo za wengine hakufunga. Nilizikagua zote. Skola alikula naye, akacheka naye, akamwita Tata, akamwona uso. Hakufungiwa jani hata moja.